Kale kagugu ka maua meupe: usianze na majani, anza na ganda la mbegu

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la wakulima wa mboga dada mmoja alituma picha ya gugu lililoota katikati ya tuta lake la sukuma wiki, akauliza kwa kifupi tu, "wadau, hili ni jani gani?" Ndani ya nusu saa majibu yakawa mengi na hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Wa kwanza akasema hiyo ni haradali pori. Mwingine akasema hapana, huo ni mgagani haujakomaa. Mzee mmoja akasema yeye anakajua, ni kale kanakouma ulimini kama pilipili, utotoni walikuwa wanakatafuna machungani. Kijana mmoja akaingiza picha kwenye programu ya simu ya kutambua mimea ikamletea majina matatu, kila moja na asilimia zake. Halafu akatokea mtu akaandika kwa herufi kubwa kwamba hiyo ni DAWA YA KUKATA DAMU, mama aliyejifungua achemshiwe anywe, na hapo ndo nikaona nikae chini niandike jambo hili vizuri, maana kubishania jina la jani ni kitu kidogo, ila kumnywesha mzazi jani ambalo hata jina lake hamjakubaliana ni kitu kingine kabisa.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Gugu ni mmea wowote ulioota pale ambapo hukuutaka, basi. Mchicha ukiota kwenye tuta la karoti ni gugu, ukiota kwenye tuta lake ni mboga. Kwa hiyo mtu akikwambia "hilo ni gugu" hajakwambia ni mmea gani, amekwambia tu kwamba hautakiwi hapo. Neno la pili ni jamii ya mimea, wengine wanasema familia, mimi napenda kuiita ukoo kwa sababu inafanya kazi kama ukoo kweli: watu wa ukoo mmoja wanaweza kutofautiana urefu na rangi lakini kuna kitu usoni, pua au paji la uso, ukikiona unajua huyu ni wa kwa fulani. Na mimea nayo ina pua zake.

Ukoo unaotuhusu hapa, kwa sababu ndo wa hilo gugu letu, mfuko wa mchungaji, ni ukoo wa haradali, wengine wanauita ukoo wa kabichi, ni ule ule. Una aina zipatazo 4,000 duniani na we unawala wanaukoo hawa karibu kila siku: kabichi, sukuma wiki, chainizi, figili, loshuu ambayo wenzetu wa Kenya wanaiita kanzira, brokoli, koliflawa na haradali yenyewe. Kuna jambo nikiwaambia watu hawaamini, kwamba kabichi, sukuma, brokoli na koliflawa sio ukoo mmoja tu, ni aina moja kabisa ya mmea, kitaalamu Brassica oleracea. Ni kama ng'ombe wa maziwa na ng'ombe wa nyama, wote ni ng'ombe, ila binadamu kwa miaka mingi sana walikuwa wanachagua mbegu, hawa wakapenda majani mapana, hawa wakapenda majani yaliyojifunga kama mpira, wengine wakapenda maua ambayo hayajachanua, mwisho tukapata mboga nne ambazo ukiziona sokoni huwezi kudhani ni ndugu. Ila ziache shambani zizeeke zitoe maua, hapo ndo utaona, maua yake huwezi kuyatofautisha.

Na hilo la maua ndo mlango wa somo lote. Majani yanabadilika sana, mmea ukikosa maji majani yanakuwa hivi, ukipata samadi yanakuwa vile, ukiwa mchanga una majani ya aina moja na ukikua unatoa ya aina nyingine. Ua na ganda la mbegu havibadiliki hovyo. Watu kumi na kitu kwenye grupu walikuwa wanabishana juu ya picha ya majani, ndo maana hawakufika popote.

Fanya hivi kama una sukuma iliyozeeka ikapanda juu na kutoa maua. Chuma ua moja uliweke kiganjani. Utaona petali nne, yaani vile vijani vya rangi vya ua, zinatazamana mbili kwa mbili kama msalaba, na ndo maana zamani wataalamu waliuita ukoo huu kwa Kilatini Cruciferae, yaani wabeba msalaba. Nyuma ya petali kuna vijani vinne vyembamba ambavyo ndo vilikuwa vinalifunika ua kabla halijachanua. Ndani kuna vinyuzi vyenye unga wa njano kichwani, hizo ni stameni, ziko sita, na ukitazama kwa makini hazilingani, nne ni ndefu na mbili fupi zimekaa pembeni. Nne, nne, sita. Ukishaiona mara moja kwa macho yako kwenye sukuma hutaisahau, na utaikuta tena kwenye chainizi, kwenye figili, na kwenye magugu ambayo hukuwahi kufikiria kuyatazama.

Ua likishadondosha petali, pale katikati panakua panakuwa ganda. Ganda la ukoo huu nalo lina ujenzi wake wa pekee, lina milango miwili, mmoja kila upande, na katikati kuna pazia jembamba linalopitisha mwanga, mbegu zimeshikilia kwenye kingo za hilo pazia. Likikauka milango inabanduka kuanzia chini, mbegu zinamwagika, pazia linabaki limesimama kwenye fremu yake. Kwa sukuma na chainizi ganda ni refu jembamba. Kwa baadhi ya magugu ya ukoo huu ni fupi na bapa, na umbo la hilo ganda fupi ndo kitambulisho chenyewe.

Sasa tuje kwenye gugu letu. Jina lake la kitaalamu ni Capsella bursa-pastoris. Hayo maneno mawili ya mwisho ni Kilatini, maana yake mfuko wa mchungaji, mchungaji wa kondoo namaanisha sio wa kanisani, kwa sababu ganda lake linafanana na vile vimfuko vya ngozi ambavyo wachungaji wa Ulaya walikuwa wanavining'iniza kiunoni. Capsella ni kisanduku kidogo. Huku kwetu chini ya Mlima Meru tunaliita magugu tu pamoja na mengine yote, kwa hiyo kwenye maelezo haya nitaliita mfuko wa mchungaji ili tuelewane. Asili yake ni upande wa mashariki ya Ulaya na Asia Ndogo, likasafiri na nafaka, na mifugo, na udongo uliokwama kwenye viatu vya watu, na leo ni kati ya magugu yaliyosambaa zaidi duniani. Afrika Mashariki utalikuta nyanda za juu kwenye ubaridi, kwenye mashamba ya mboga na ngano, kwenye vijia na kando ya nyumba. Ukiwa Tanga mjini au Dar usijichoshe kulitafuta. Wale ndugu zetu mlioko Uingereza au Marekani mtaliona pembeni ya njia za miguu mara tu baridi ikianza kulegea.

Linaanza kama sahani ya majani iliyotandikwa juu ya udongo. Majani hayo ya chini mara nyingi yamechongoka pembeni, meno meno hivi, lakini hapa ndo picha za simu zinapowapoteza watu, kwa sababu mmea mmoja unaweza kuwa na majani yaliyochanika hadi karibu na mshipa wa kati na mwenzake aliyeota hatua moja pembeni ana majani karibu mazima. Katikati ya sahani linapanda shina moja, saa nyingine na matawi, kuanzia urefu wa kidole hadi karibu na goti. Majani ya shinani ni machache na hayana kikonyo, yamekaa moja kwa moja kwenye shina na kila jani chini yake lina masikio mawili yaliyochongoka yanayolikumbatia shina, kama mtoto mdogo aliyemkumbatia mama yake mguu. Pitisha kidole utayasikia. Hayo masikio ni alama nzuri sana hata kabla ganda halijatoka.

Juu kabisa kuna kishada cha maua meupe, madogo kweli kweli, petali zake ni milimita 2 au 3, usipoinama utaona vidoadoa tu. Na chini ya maua, kwenye shina lile lile, ndo maganda yamejipanga, kila moja kwenye kikonyo chake, bapa, umbo la moyo au pembetatu, ncha nyembamba ikiwa upande wa kikonyo na upande mpana ukiwa juu na kibonyeo katikati. Moyo kabisa kama ule watoto wanaouchora. Shina linaendelea kurefuka na kuchanua juu wakati huku chini yameshakomaa, kwa hiyo ukilisoma kutoka juu kushuka unaona maisha yake yote kwa mara moja, vitumba, maua, maganda mabichi, maganda makavu, na chini kabisa mapazia matupu.

Jumapili nilichukua mmoja kwenye bustani ya mama, mfupi tu kama kalamu, nikaulaza juu ya karatasi nyeupe nikapasua moyo mmoja kwa ukucha. Zikatoka mbegu ishirini na mbili, kahawia nyekundu, ndogo kiasi kwamba pumzi yangu ilitosha kuzisogeza. Nikahesabu maganda yaliyobaki, yakafika themanini na kitu, yaani kammea kenye urefu wa kalamu kamebeba mbegu zinazokaribia 2,000. Halafu nikadondoshea tone la maji juu ya zile mbegu nikasubiri dakika chache, kila mbegu ikavaa ute kama wa bamia, nikigusa inang'ang'ania kidoleni. Hapo nikaelewa linavyosafiri. Mvua ikinyesha mbegu zinanata kwenye kiatu, kwenye kwato, kwenye jembe, unazipeleka mwenyewe shamba la pili. Na tena gugu hili linajichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, halihitaji nyuki wala mwenza, mbegu moja ikifika sehemu mpya inatosha kuanzisha kijiji.

Basi, yale yanayochanganywa nalo.

Linalochanganya zaidi ni ndugu yake wa jenasi ya Lepidium (jenasi ni kikundi kidogo cha ndugu wa karibu ndani ya ukoo), ambalo nalo limejaa kando ya njia zetu za milimani. Lina kishada kirefu cha maganda madogo bapa, kwa mbali ni lile lile. Ila sogea: maganda yake ni ya mviringo kama visarafu, yana kakibonyeo kadogo juu, na ndani kuna mbegu mbili tu, moja kila upande wa pazia. Majani ya shinani hayana masikio. Na ukitafuna ganda lake bichi linawasha kama pilipili, huyu ndo yule wa mzee wa machungani. Kuna jambo moja la kuwa makini nalo, ile sheria ya stameni sita kwenye Lepidium mara nyingi haifanyi kazi, unaweza kukuta mbili tu, na petali zenyewe saa nyingine ni kama hazipo. Ndo ukoo ulivyo, kuna mmoja anakosa ile pua lakini mengine yote yanamtaja, na kinachomtaja huyu ni ganda, bado lina milango miwili na pazia.

Kuna ndugu mwingine, Cardamine hirsuta, anapenda unyevu, ukimwagilia sana vitalu vya miche utamkuta. Maganda yake ni membamba marefu yamesimama wima yanapita juu ya maua, na yakikomaa ukiyagusa yanapasuka yanakurushia mbegu hadi usoni. Huyo mkimgusa mara moja hamtamchanganya tena na mwingine.

Kuna lile gugu la maua madogo meupe yenye kitovu cha njano, Wakikuyu wanaliita mung'ei, limejaa kila bustani. Hilo sio la ukoo huu kabisa. Vile vijani vitano vyeupe vyenye meno matatu matatu kwenye ncha vinafanana na petali lakini kila kimoja ni ua zima, na kile kitovu cha njano ni mkusanyiko wa maua mengine mengi, ni ukoo wa alizeti ule. Majani yake yanaota mawili mawili yakitazamana, wakati ya mfuko wa mchungaji yanapishana.

Halafu mgagani. Yule aliyesema mgagani nisingependa achekwe, kwa sababu hakuwa mbali kama watu walivyodhani. Mgagani una petali nne, stameni sita, ganda refu lenye milango miwili, na ukiuliza wataalamu watakwambia ukoo wa mgagani ndo ndugu wa karibu kuliko wote wa ukoo wa haradali. Kinachoutofautisha ni jani, mgagani una jani lililogawanyika vijani kama vitano vikitoka sehemu moja kama vidole vya mkono, na vinywele vinavyonata. Stameni zake nazo zimening'inia mbali nje ya ua.

Tukishasema ukoo wa karibu nataka niongeze hiki maana mimi binafsi kilinifurahisha nilipokijua. Ule mwasho wa haradali, ule uchungu wa sukuma iliyozeeka, ule ukali wa figili, vyote vinatokana na kitu kimoja. Ndani ya mmea kuna kemikali imehifadhiwa chumba hiki na kimeng'enya, yaani kitu cha kuiamsha hiyo kemikali, kimehifadhiwa chumba kile, vikiwa mbali mbali vimetulia, jani likitafunwa kuta zinavunjika vinakutana, hapo ndo ukali unazaliwa. Ni kama ile gundi ya mirija miwili wanayouza maduka ya vifaa, kila mrija peke yake haugandishi, ukichanganya tu kazi imeanza. Mmea unafanya hivyo kujilinda na wadudu. Na ujanja huo hauko kwenye ukoo wa haradali peke yake, uko kwenye koo jirani pia: mgagani, mlonge, mpapai, na mswaki, ule mti wa kusugulia meno. Tafuna mbegu moja ya papai sasa hivi, ule ukali unaokujia puani ni wa haradali kabisa. Kwa hiyo wale wanaosema jani likiwasha ni sumu, hapana, mwasho peke yake haukwambii ni sumu wala haukwambii ni salama. Unakwambia tu kwamba mmea unajilinda.

Sasa lile la haradali pori. Watu wengi wakisikia neno haradali wanawaza punje ya haradali ya kwenye Mathayo 13, na Waislamu wanaijua chembe ya hardali kwenye Qur'ani, kwa hiyo mtu akiona vimbegu vidogo hivi anasema ndo yenyewe. Haradali ambayo wengi wanaihusisha na maandiko hayo ni haradali nyeusi, Brassica nigra, ya maua ya njano, na inaweza kupita urefu wa mtu. Mfuko wa mchungaji mara nyingi hauvuki goti. Ni wa ukoo wa haradali, ndio, lakini kuuita haradali ni kama kumwita paka chui.

La damu nalisema wazi. Ni kweli kwamba Ulaya na Asia waganga wa mitishamba wamelitumia gugu hili kwa karne nyingi kwa kutokwa na damu, na wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia dawa za kawaida zilipoadimika lilitumika kama mbadala. Huo uvumi haukuzuka tu. Ila kutumika wakati hakuna kingine sio sawa na kuaminika. Mwanamke anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha kwa muda mfupi sana, na dawa ya kufanya mfuko wa uzazi ukaze ipo, sindano ya oksitosini, ipo vituo vya afya, inajulikana kipimo chake. Chai ya gugu haina kipimo, leo umechemsha mimea mitatu kesho mitano, na hata hujui kama ulichochemsha ni chenyewe au ni Lepidium. Na kwa mjamzito ni hatari upande mwingine, kwa sababu mmea huu unahesabiwa kati ya ile inayoweza kusababisha mfuko wa uzazi kubana, kwa hiyo asipewe kabisa. Dada, shangazi, mkwe, yeyote anayeuguza mzazi, ukiona damu hazikatiki beba mtu kimbiza kituoni, usipoteze hata dakika ya kuwasha jiko.

Kulila ni habari nyingine. China wanalila sana, upande wa Shanghai wanalitia kwenye vile vimaandazi vya supu vyenye nyama ndani, Korea wanalipika na mizizi yake, na Japani ni kati ya majani saba yanayotiwa kwenye uji wa mchele unaoliwa kila tarehe 7 Januari. Kwa hiyo sio sumu. Lakini wao wanalipanda au wanalichuma sehemu wanazozijua, sisi linaota pembeni ya matuta tuliyopulizia dawa na kandokando ya barabara kwenye moshi na matairi, ukiwa na sukuma uani sioni sababu ya kuhangaika nalo.

Kwa mkulima ubaya wake ni mwingine, na hapa naomba msome taratibu maana ndo panapotuumiza mfukoni. Kwa sababu ni ndugu wa sukuma na kabichi, linakaribisha wageni wale wale. Vidukari wa kabichi wanakaa kwake. Uozo mweusi, ule ugonjwa wa bakteria unaoanza pembeni ya jani na kuchora herufi V ya njano huku mishipa ikiwa meusi, unaweza kukaa kwake. Sasa fikiria mtu aliyeshauriwa abadilishe mazao, akang'oa kabichi zote akapanda maharage misimu miwili ili ugonjwa ufe kwa kukosa pa kula, lakini kando ya mifereji kaacha haya magugu yamechanua vizuri. Hajabadilisha mazao, yaani kamfukuza mpangaji mlango wa mbele akamwachia chumba cha uani. Msimu wa tatu anarudisha kabichi, ugonjwa unarudi, anasema mbegu zilikuwa mbovu, anagombana na mwenye duka la pembejeo.

Udugu huo huo ndo unafanya dawa za magugu zisisaidie sana hapa. Dawa inayochagua inafanya kazi kwa kutofautisha mimea, inaua majani mapana inaacha mahindi kwa mfano, sasa utaiambiaje iue mfuko wa mchungaji iache sukuma wakati miili yao inafanana kiasi hicho? Kinachofanya kazi ni mkono na jembe, na ni muda. Ng'oa likiwa bado sahani au likianza tu kuchanua. Ukingoja uone mioyo umechelewa, na hata hapo usiyaache yamelala kwenye mfereji, yatoe nje ya shamba.

Maana mbegu zikishaingia udongoni zinakaa. Mwaka 1879 huko Michigan, Marekani, mtaalamu wa mimea aitwaye William James Beal alifukia chupa 20 zenye mbegu za magugu mbalimbali pamoja na mchanga, zifukuliwe moja moja baada ya miaka ili kuona mbegu zinadumu vipi, na jaribio lile linaendelea hadi leo, chupa nyingine ilifukuliwa mwaka 2021. Mfuko wa mchungaji ulikuwa kati ya aina alizozifukia, na mbegu zake zilichipua hata baada ya miaka zaidi ya 30. Kwa hiyo ukilima sehemu iliyopumzika miaka kumi ukaona gugu limejaa ghafla, sio kwamba samadi imelizaa kutoka hewani kama wengine wanavyosema. Lilikuwa chini linasubiri jembe liligeuze lione mwanga. Samadi mbichi nayo inaweza kuleta mbegu mpya, hilo ni kweli, iache ioze vizuri kwanza.

Na msidhani vimmea hivi ni vya kudharauliwa kwa sababu ni vidogo. Kuna binamu wa mfuko wa mchungaji anaitwa Arabidopsis thaliana, mwembamba, maua meupe ya petali nne, haliwi na hana thamani sokoni, lakini ndo mmea wa kwanza duniani kusomwa vinasaba vyake vyote, matokeo yakatangazwa Desemba 2000. Mwaka 1982 ulioteshwa kwenye kituo cha anga cha Salyut 7 ukafika hadi kutoa mbegu, na mwaka 2022 wanasayansi wakatangaza kuuotesha, hapa hapa duniani, kwenye udongo halisi ulioletwa kutoka mwezini. Walimpenda kwa sababu ni mdogo na anamaliza maisha yake kwa wiki chache. Na sisi tumo humo: mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyosoma vinasaba vya mimea hiyo kutoka Afrika, ikiwemo iliyochumwa Tanzania, ikaonekana kwamba historia ya zamani ya mmea huu haiwezi kuelezeka bila Afrika.

Kuhusu programu za simu, sizikatazi, mimi mwenyewe ninayo. Shida ni picha tunazozipa. Ukipiga mmea mzima ukiwa umesimama inaona kijani tu, inabahatisha. Piga ya majani ya chini, piga ya jani la shinani pale linaposhikana na shina ili masikio yaonekane kama yapo, halafu weka ganda moja kwenye kiganja chako upige kwa karibu, kiganja kitasaidia na vipimo. Kama simu yako haioni vitu vidogo, dondosha tone la maji safi juu ya kioo cha kamera ya nyuma, uigeuze kwa uangalifu, lile tone linakuza. Nimefanya hivyo kwenye ua la milimita mbili nikaziona stameni zote sita.

Ndicho nilichomwomba yule dada wa kwenye grupu. Akarudi shambani jioni, akatuma picha tatu, ya mwisho ni kiganja chake kikiwa na udongo bado, juu yake kaweka maganda mawili aliyoyachuma kwenye tuta lile lile, hatua mbili kutoka moja hadi jingine. La kwanza lilikuwa moyo. La pili lilikuwa la mviringo kama kisarafu, na kakibonyeo juu. Kumbe ile picha yake ya kwanza ilikuwa na magugu mawili yameota yamekumbatiana, na mzee wa machungani alikuwa anasema kweli muda wote, ila alikuwa anaongelea lile lingine.